Mike Quill: Mkata Tiketi Aliyeusimamisha Mji wa New York

Kila panapotokea mgomo wa magari ya abiria, maneno barazani huwa ni yale yale. Nauli imepanda mara mbili, watu wametembea kwa miguu, mgonjwa amekosa gari la kumpeleka hospitali. Yote hayo ni kweli, na sina haja ya kuyapinga. Ila kuna swali ambalo huliuliza kila mara na sipati wa kunijibu: huyo dereva aliyegoma, akifika miaka 60 na macho yameanza kumwacha, atakula nini?

Leo nataka kumwelezea mtu mmoja aliyeliuliza swali hilo maisha yake yote, akafungwa jela kwa ajili yake, na akafa wiki mbili tu baada ya kupata sehemu ya jibu. Hakuwa Mswahili wala hakuwahi kufika pwani yetu. Jina lake ni Michael Quill, na watu wa New York walimwita Mike. Wengine walimwita Mike Mwekundu, kwa sababu ya urafiki wake na wakomunisti.

Quill alizaliwa tarehe 18 Septemba 1905 karibu na kijiji cha Kilgarvan, kaunti ya Kerry, kusini magharibi mwa Ireland. Wakati huo Ireland ilikuwa chini ya Mwingereza, kama ulivyokuwa mwambao wetu. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba, na Kiairishi kilikuwa kingali hai kwao. Nyumba yao ilikuwa mahali pa wapigania uhuru kupumzika na kupeana habari, na Mike alianza kuwatumikia akiwa bado kijana mdogo. Uhuru ulipokuja kwa nusu, nchi ikagawanyika, na ndugu wakapigana wao kwa wao mwaka 1922 na 1923. Upande wa kina Quill ukashindwa. Ukishindwa vita nyumbani, kazi huipati nyumbani. Mwezi wa Machi 1926 alishuka melini New York, kijana wa miaka 20, akiwa na nguvu zake na jina lake tu.

Alifanya vibarua vya kila namna, kisha akaingia katika kampuni ya treni za chini ya ardhi iliyoitwa Interborough Rapid Transit, kwa kifupi IRT. Kazi yake ilikuwa kukaa kituoni na kukata tiketi. Masharti ya kazi ile ukiyasikia leo utadhani ni hadithi. Saa 12 kwa siku, siku 7 kwa wiki, senti 33 za dola kwa saa. Ukiumwa, huna malipo. Ukizeeka, kampuni ndiyo inayoamua kama itakukumbuka au la.

Ila kazi ile ilimpa jambo moja ambalo kampuni haikulitia katika hesabu. Alihamishwa kutoka kituo kimoja hadi chengine, mara nyingi zamu za usiku. Kwa hivyo akajuana na watu wa kila kituo, na usiku uliokuwa kimya alikuwa akisoma. Aliyempenda zaidi katika waandishi ni James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi wa Ireland aliyeuawa na Waingereza mwaka 1916. Kwa Connolly alijifunza kwamba uhuru wa bendera bila ya uhuru wa tumbo haujakamilika.

Mwaka 1934 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wafanyakazi wa usafiri, Transport Workers Union. Jina lenyewe walilichukua kutoka kwa chama cha wafanyakazi wa usafiri cha kina Jim Larkin na Connolly kule Ireland. Waliokusanyika walikuwa wa aina mbili: Wairishi waliopigana vita nyumbani kwao, waliojua kuweka siri, na wakomunisti waliojua kupanga watu. Siri ilikuwa lazima. Kampuni ilikuwa na chama chake cha bandia, na ilikuwa na wapelelezi waliopita vituoni kusikiliza nani anasema nini. Mtu akishukiwa alipigwa kalamu siku hiyo hiyo. Basi walikutana kwa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi kikijua watu wake tu. Mwisho wa mwaka 1935 Quill akawa rais wa chama.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja Januari 1937. Kampuni nyengine ya treni, Brooklyn-Manhattan Transit, iliwafuta kazi wafanyakazi wa kinu chake cha umeme kilichoko Kent Avenue, Brooklyn, kwa sababu ya kujiunga na chama. Wenzao hawakutoka nje kupiga kelele. Walikaa ndani ya kinu, mikono kifuani. Sasa fikiria: treni zote za kampuni zinategemea umeme, na umeme umo mikononi mwa watu waliokaa chini. Kampuni ikawarudisha waliofukuzwa. Mwezi wa Mei mwaka huo huo wafanyakazi wa IRT wakapiga kura, na zaidi ya 10,000 wakakichagua chama cha Quill. Mkata tiketi wa jana akawa anaketi meza moja na wenye kampuni.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana sipendi kuandika maisha ya mtu kama kwamba alikuwa malaika. Chama kile kilijaa Wairishi, na Wairishi walipeana kazi wao kwa wao. Watu weusi waliajiriwa kwa kufagia na kubeba mizigo tu, hawakupewa usukani. Hali hii haikubadilika kwa huruma ya mtu. Ilibidi mwaka 1941 watu wa Harlem, wakiongozwa na mchungaji Adam Clayton Powell, wagomee kupanda mabasi mpaka kampuni zikubali kuajiri madereva weusi. Quill alitia saini makubaliano yale, na wanachama wake wengi hawakufurahi. Miaka 3 baadaye, Agosti 1944, wafanyakazi weupe wa usafiri wa Philadelphia walifanya mgomo wa aibu: waligoma kwa sababu watu weusi 8 walikuwa wanafunzwa kuendesha tramu. Chama cha Quill kiliupinga mgomo ule waziwazi, na Rais Roosevelt akatuma jeshi kuuvunja. Tangu hapo msimamo wa Quill katika jambo hili haukuyumba. Martin Luther King alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa chama mwaka 1961, wakati ambapo vyama vingi viliogopa kumkaribisha.

Nimelitaja hili kwa sababu nasi tunalo. Kazi ikipatikana bandarini au kwenye gari, swali la kwanza huwa ni huyu ni wa nani. Quill alijifunza kwamba mwajiri haogopi kabila moja lililokasirika. Anaogopa watu wa kila aina waliosimama pamoja.

Mwaka 1940 likaja jambo jengine. Serikali ya mji wa New York ilizinunua kampuni za treni, IRT na Brooklyn-Manhattan, ikaziunganisha na njia zake yenyewe. Abiria alishangilia. Mfanyakazi alikuwa na hofu. Mkataba aliousaini na kampuni utahamia pamoja naye, au utazikwa na kampuni? Meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia, alikuwa rafiki wa wafanyakazi kwa maneno, lakini alishikilia kwamba mtumishi wa serikali hana haki ya kugoma. Quill akatishia mgomo, na mwishowe mji ukakubali kuichukua mikataba iliyokuwapo mpaka muda wake uishe. Hapo ndipo Quill alipogundua kitu ambacho kila mfanyakazi wa bandari au reli anakijua leo: mali ikibadilisha mwenyewe, haki za mfanyakazi ndizo za kwanza kuangukia njiani, kama hapana mtu wa kuzishika.

Alikaa pia katika baraza la mji kama diwani, mara mbili kwa vipindi tofauti. Mwaka 1948 akaachana na wakomunisti. Ugomvi ulikuwa juu ya siasa za uchaguzi, lakini pia juu ya nauli. Nauli ya treni ilikuwa senti 5 tangu mwaka 1904, na wakomunisti walitaka ibaki hapo. Quill akaona kwamba nauli isiyopanda ni mshahara usiopanda. Akakubali nauli ifike senti 10, na wafanyakazi wakapata nyongeza. Katika kuachana huko aliwatoa chamani watu waliokijenga pamoja naye tangu siku za siri. Kuna waliosema aliwauza wenzake, na kuna waliosema aliokoa chama. Mimi naona yote mawili yana ukweli ndani yake. Na lile suala la nauli halina jibu jepesi: abiria ni maskini na dereva ni maskini, na mara nyingi wanaachiwa wagombane wenyewe huku mwenye fedha akitazama.

Katika miaka ya 1950 Quill na Meya Robert Wagner walikuwa kama wachezaji wa bao wanaojuana. Mkataba ulikuwa unamalizika mwisho wa mwaka. Quill alitangaza kwamba mji utasimama, magazeti yakapiga kelele, na usiku wa mwisho makubaliano yakapatikana. Alipenda ucheshi, alikuwa na lafudhi nzito ya Kerry aliyoizidisha makusudi mbele ya kamera, na alitembea na fimbo kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Waliomdharau kwa lafudhi ile walijuta.

Kisha ukaingia mwaka 1962, na mambo mawili yakaja kwa pamoja. La kwanza ni mashine. Januari mwaka huo treni isiyohitaji dereva ilianza kwenda na kurudi katika njia fupi kati ya Times Square na Grand Central. Quill aliona mbali. Treni moja haimfukuzi mtu, lakini ikifaulu zitafuata mia. Alipigana mpaka ikakubaliwa kwamba dereva awemo ndani hata kama hashiki chochote. Treni ile iliteketea kwa moto mwaka 1964, na majaribio yakakomea hapo kwa miaka mingi.

La pili ni la mabasi ya Fifth Avenue Coach Lines, kampuni binafsi iliyokuwa na njia nyingi za Manhattan na Bronx. Mfanyabiashara Harry Weinberg alichukua uongozi wa kampuni, akataka nauli ipande kutoka senti 15 hadi 20, na meya akakataa. Weinberg akaanza kuwapunguza watu. Tarehe 1 Machi 1962 chama cha Quill kikayasimamisha mabasi yote ya kampuni ile.

Ni lazima tufahamu hofu iliyokuwapo. Siku zile pensheni ya kampuni binafsi nchini Marekani ilikuwa na uzima wa kampuni yenyewe. Kampuni ikifa, na mfuko ukiwa mtupu, mzee hana pa kushika. Mwisho wa mwaka 1963 kiwanda cha magari cha Studebaker kilichokuwa South Bend kilifungwa, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni zao, nzima au sehemu kubwa. Sheria ya kuweka bima ya serikali juu ya pensheni hizo haikuja mpaka 1974. Kwa hivyo mtu aliyeendesha basi miaka 25 alipomwona tajiri mpya akianza kufukuza watu, hakuwa akitazama mshahara wa mwezi ule tu. Alikuwa akitazama uzee wake. Mgomo ule uliishia kwa serikali kuyatwaa mabasi, na chombo kipya cha umma kikaundwa kuyaendesha. Madereva wakawa na mwajiri asiyeweza kufunga duka na kwenda zake.

Sasa tufike Januari 1966. Meya mpya, John Lindsay, kijana mrefu mwenye sura nzuri na elimu ya juu, aliapishwa siku ya mwaka mpya. Alfajiri ya siku hiyo hiyo, saa kumi na moja, treni na mabasi ya umma yakasimama. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waligoma. Madai yao ya kwanza yalikuwa makubwa: nyongeza ya asilimia 30, wiki ya kazi ya siku 4, na pensheni bora. Quill alijua kwamba hatapata yote. Anayekwenda sokoni hataji bei ya mwisho kwanza.

Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1947 ilikataza kabisa mtumishi wa umma kugoma. Mahakama ikatoa amri mgomo usitishwe. Quill aliichana amri ile mbele ya kamera za televisheni. Tarehe 4 Januari akakamatwa pamoja na viongozi wenzake 8. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na madaktari walikuwa wameshamwonya. Saa chache baada ya kutiwa ndani alianguka, akakimbizwa hospitali ya Bellevue. Mazungumzo yakaendelezwa na msaidizi wake, Douglas MacMahon.

Mji uliumia. Magari madogo yalijaa barabarani mpaka yakaganda. Meya mwenyewe alikwenda ofisini kwa miguu. Walioumia zaidi hawakuwa matajiri. Walikuwa ni wafagiaji wa ofisi, wapishi na vibarua waliolipwa kwa siku, na wengi wao walikuwa weusi na Wapuerto Rico wakaao mbali na kazi zao. Siwezi kuuficha ukweli huu, na yeyote anayeutetea mgomo bila ya kuutaja hasemi kweli.

Tarehe 13 Januari, baada ya siku 12, wakapatana. Mshahara wa saa ukapanda kwa hatua kutoka dola 3.18 hadi dola 4.14. Ikaongezwa siku ya mapumziko yenye malipo, na pensheni zikaboreshwa. Kwa jumla makubaliano yale yalikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 60. Quill alitoka hospitali tarehe 25. Tarehe 28 Januari 1966 akafariki nyumbani, umri wake miaka 60. Jeneza lake lilifunikwa bendera ya Ireland, na aliombewa katika kanisa kuu la St. Patrick. Yeye mwenyewe hakuila pensheni aliyoipigania.

Yaliyofuata yalikuwa machungu na matamu. Mwaka 1967 New York ilipitisha sheria mpya, maarufu kwa jina la Taylor. Sheria hiyo ilimpa mtumishi wa umma haki ya kuwa na chama na kujadiliana, lakini ikaweka faini kali kwa anayegoma. Mwaka 1968 chama chake kilipata makubaliano ya mfanyakazi wa usafiri kustaafu akiwa na miaka 50, baada ya miaka 20 kazini, kwa nusu ya mshahara. Na usidhani vita viliisha. Desemba 2005 chama kile kile kiligoma tena kwa siku 3, kwa sababu mwajiri alitaka waajiriwa wapya wakatwe zaidi kwa ajili ya pensheni. Kiongozi wao alifungwa, na chama kikatozwa faini ya dola milioni 2.5. Haki hii hailindwi mara moja ikatosha.

Sasa turudi kwetu. Nilikuwa na mjomba aliyeendesha mabasi ya abiria zaidi ya miaka 30, wenye magari wakibadilika naye akibaki na usukani. Siku mgongo ulipomshinda, tajiri wake wa mwisho alimpa mkono, akamwombea dua, na akamwajiri kijana kesho yake. Hapakuwa na barua ya ajira, hapakuwa na michango ya NSSF, hapakuwa na kiinua mgongo. Mjomba hakulalamika. Alisema ndiyo riziki aliyoandikiwa. Mimi naamini riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu, lakini dhulma hutoka kwa waja, na si adabu kumsingizia Mola kazi ya binadamu.

Leo katika matatu zetu hali ni ile ile. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake, na dereva na makanga wanagawana kinachobaki baada ya mafuta na faini. Wakigoma, wanagoma kwa ajili ya polisi au barabara au nauli. Sikumbuki nilipowasikia wamegoma kwa ajili ya uzee wao. Pengine ni kwa sababu walio wengi ni vijana, na kijana haoni kwamba mjomba ni yeye mwenyewe wa kesho.

Mike Quill alikuwa na ila zake, na nimezitaja. Lakini alianza na watu waliokuwa kama hawa wetu: wageni mjini, wasio na mkataba, wanaoogopana, waliogawanywa kwa asili na rangi. Hakuanza na mgomo. Alianza na vikundi vidogo, daftari la majina na michango ya senti. Mgomo ulikuja baada ya umoja, wala haukutangulia.

Kwa hivyo nawaomba madereva, makanga na wenye magari wasomao safu hii: mkikutana tena kujadili nauli, ongezeni ajenda moja. Nani anachangia NSSF, kwa ajili ya nani, na tangu lini? Na sisi abiria tunaonung'unika barazani, tukiulizwa kama tuko tayari kulipa shilingi chache zaidi ili anayetupeleka kazini asije akaomba msikitini akizeeka, tuwe na jibu.